Jinsi ya kutengeneza Teratornis wa ukubwa kamili kwa mianzi na bidoni

Teratornis merriami alikuwa ndugu wa kale wa kondori wa leo, wale ndege wakubwa wa Amerika wanaokula mizoga. Aliishi Amerika ya Kaskazini na alitoweka mwishoni mwa enzi ya barafu, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mabawa yake yakikunjuliwa yalifika mita 3.5 hadi 3.8 kutoka ncha hadi ncha. Ukiandika namba hiyo ubaoni, mwanafunzi ataiandika kwenye kaye yake, na wiki ikiisha imeshamtoka kichwani. Msimamishe ndege mwenyewe uwanjani, halafu uone. Watoto wataingia chini ya bawa, watalipima kwa hatua zao, na watakuuliza mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha shule.

Nafundisha biolojia katika sekondari moja hapa Bukavu, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Kivu. Huyu ndiye ndege ninayemtengeneza na wanafunzi wangu, kwa vitu vya sokoni na vya kuokota, na nataka mwalimu mwingine, au fundi yeyote mwenye vijana wa kumsaidia, aweze kufanya hivyo hivyo. Sheria yangu ni moja tu katika kazi yote: mfupa ndio unaoamua. Pale mfupa unaposema, tunafuata. Pale ambapo mfupa hausemi, tunachagua wenyewe, lakini tunaandika wazi kwamba hapo tumechagua sisi.

Kuchagua ndege

Wengi wakisikia habari za ndege wakubwa wa kale hukimbilia Argentavis magnificens, yule wa Argentina. Nawaelewa. Ni wa ukoo mmoja na Teratornis, aliishi miaka milioni 6 hivi iliyopita, na uzito wake unakadiriwa kufika kilo 70, yaani mtu mzima. Kenneth Campbell na Eduardo Tonni walipomtangaza mwaka 1980 walikadiria mabawa ya mita 7 na zaidi. Baadaye wataalamu wengine wameyapunguza hadi karibu mita 6, hata chini ya hapo. Makadirio yanapanda na kushuka kwa sababu mifupa yenyewe ni michache: kipande cha bawa, kipande cha kichwa, vipande vingine vya hapa na pale. Ukiwaambia watoto "mita 7" na kesho yake mmoja asome "mita 5" kwenye simu ya kaka yake, utamjibu nini?

Teratornis hana shida hiyo. Mifupa ya ndege zaidi ya 100 wa aina yake imetolewa mahali pamoja, Rancho La Brea, ambapo leo ni katikati ya mji wa Los Angeles. Pale lami hupanda yenyewe kutoka ardhini. Si lami ya kutengenezwa. Ni mafuta ya chini ya ardhi yanayojipenyeza juu, yale mepesi yanayeyuka hewani na ile nzito inabaki, nyeusi na ya kunata. Majani na vumbi huifunika, mnyama hapaoni. Farasi au nyati akikanyaga, anakwama. Akilia na kuhangaika, mbwa mwitu na chui wa meno marefu wanamfuata, nao wanakwama. Halafu wanashuka ndege wa mizoga. Ndiyo maana pale mifupa ya wawindaji na wala mizoga imezidi ile ya wanyama waliowindwa, jambo ambalo porini halitokei. Lami hiyo imehifadhi mifupa ya miaka 50,000 hadi 10,000 hivi iliyopita, migumu na ya rangi ya kahawia. Mwaka 1909 Loye Miller alimweleza ndege huyu kutokana na mifupa ya hapo, na akamwita merriami kwa heshima ya mtaalamu John C. Merriam.

Kwa hiyo anza na Teratornis. Argentavis tutamchora chini kwa chokaa mwishoni, na hiyo inamtosha.

Vipimo, kabla ya kushika panga

Jambo la kwanza la kuwaonya vijana ni hili: wasimnenepeshe. Kila mtoto akiambiwa "ndege mkubwa" anachora mwili wa mbuni na mabawa ya kuku. Teratornis alikuwa na kilo 14 au 15 tu, karibu sawa na dume mkubwa wa kondori wa Andes, na akisimama alifika sentimita 75 hivi. Anafika mezani, basi. Ukubwa wake wote umo kwenye mabawa.

Mimi nafanya mita 3.6, katikati ya makadirio. Kifua nakipa upana wa sentimita 30, kwa hiyo kila bawa linabaki na mita 1.65. Upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, naweka sentimita 50 karibu na mwili. Ndani ya bawa kuna mifupa mitatu ya kukata: mkono wa juu sentimita 32, mkono wa chini 37, kiganja 25. Usisahau kwamba mkono wa chini ni mrefu kuliko wa juu. Ndege wanaoelea juu ya nchi kavu ndivyo walivyo. Ukijumlisha utapata 94, lakini bawa hai halinyooki kabisa kwenye kiwiko, kwa hiyo hesabu 85. Sentimita 80 zinazobaki hazina mfupa wowote. Ni manyoya matupu. Waambie watoto wasimame na kuliangalia hilo: karibu nusu ya bawa la ndege huyu ilikuwa manyoya yaliyoshikiliwa na kiganja kimoja.

Chora bawa lote chini kwa makaa au chokaa kabla ya kukata chochote. Uwanja wetu una mteremko, kama karibu kila uwanja wa Bukavu, lakini kona moja iliyo sawa inatosha.

Mianzi

Nunua mianzi iliyokomaa. Mwanzi mchanga ni wa kijani kibichi unaong'aa, laini, na ukikauka unajikunja. Uliokomaa umeanza kupauka na kupata madoa meupe, na ukiugonga kwa kisu unalia sauti kavu. Wauzaji huileta mjini kutoka Kabare na kwingineko, kutoka kwa watu walioipanda. Uliza imetoka wapi. Mwanzi uliokatwa ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega usiuguse, hata ukipewa kwa bei ya kutupa, maana machipukizi yake ni chakula cha gorila. Huwezi kuwafundisha watoto habari za ndege aliyetoweka kwa kumnyang'anya chakula mnyama aliye hatarini kutoweka.

Kupasua ndiko kazi ilipo. Simamisha mwanzi wima, weka panga katikati kabisa ya duara, gonga kwa gogo mpaka liingie kwenye pingili ya kwanza. Hapo acha kugonga. Zungusha panga kidogo kulia na kushoto na mwanzi utajifungua wenyewe, pingili kwa pingili, kwa mlio. Ufa ukianza kukimbilia upande mmoja, kandamiza upande ule mnene kwa goti mpaka urudi katikati. Pasua tena hadi upate fito za upana wa kidole. Kisha kwangua, na hapa msikilize fundi yeyote wa vitunga atakwambia vilevile: kwangua upande wa ndani, ule mweupe. Ganda la nje usiliguse, ndilo lenye nguvu. Pitisha kidole gumba upande wa ndani. Ukisikia mahali pamepanda, kwangua tena hapo tu. Ufito mzuri ukiukunja unapinda sawasawa, hauvunji kona.

Mbavu za bawa zinapindwa kwa moto. Weka mbabula ya makaa yenye joto la wastani, bila mwali, geuza ufito juu yake mpaka ganda lianze kutoa jasho, pinda taratibu, kisha futa kwa kitambaa chenye maji. Utabaki umepinda. Kila bawa linataka mbavu saba. Mpindo wake uwe juu zaidi karibu na ukingo wa mbele na ushuke polepole kuelekea nyuma. Bawa bapa halifundishi chochote, na kwenye upepo litakupiga usoni.

Misumari usitumie. Mwanzi hupasuka. Kata mpira wa ndani wa tairi la pikipiki kuwa kamba za upana wa sentimita mbili, vuta kwa nguvu huku unazungusha kwenye kiungo, choma mwisho ndani ya mzunguko wa kabla. Kwenye bega na kwenye kiwiko funga msalaba mara mbili.

Mwili ni rahisi. Chukua kitunga kirefu cha kusukwa, cha upana wa sentimita 30, kilaze, kijaze maganda makavu ya mgomba, pitisha mwanzi mmoja mzima kutoka bega hadi bega. Mkia wa sentimita 35, basi.

Manyoya ya bidoni

Ngozi ya bawa, yaani sehemu ya mbele iliyofunikwa, nafunika kwa nguo ya miavuli iliyokufa. Nyepesi, haiingizi maji, na hapa kwetu mvua haikuonei huruma kuanzia Septemba hadi Mei. Mama mwenye cherehani karibu na shule anatushonea vipande pamoja. Ukimpelekea mchoro uliokatwa kwenye gazeti hataki maelezo mengine.

Manyoya yenyewe ni bidoni za njano za mafuta, zile zilizotoboka ambazo hazibebi tena maji. Zioshe kwa majivu na maji ya moto. Kata ubavu wa bidoni kuwa vipande virefu, chonga ncha moja iwe duara. Vipande viwili vinaungana kufikia urefu wa sentimita 80 za unyoya wa nje. Kiungo kinafichwa na uti wa mwanzi unaopita chini yake, ukishikwa kwa waya mwembamba kupitia matundu madogo.

Uti huo usiuweke katikati. Okota unyoya wa mwewe kando ya ziwa uuangalie: upande mmoja wa uti ni mwembamba, mwingine ni mpana karibu mara tatu. Upande mwembamba ndio unaotangulia kwenye upepo. Unyoya wa bawa uliojengwa hivyo hautetemeki, hewa inaushika na kuukaza. Wanafunzi wakiweka uti katikati, unyoya wao utapepesuka upepo wa kwanza ukija, na utakuwa umewafundisha kwa mkono wake kitu ambacho maelezo yangu ya dakika kumi hayafundishi.

Manyoya makubwa ya kiganja yawe 10, kama ya kondori. Ya mkono wa chini yawe 20 na kitu, mafupi, yamepangwa kila moja likiegemea jirani yake. Yale ya nje kabisa yaache nafasi katikati, yatawanyike na ncha zipande juu kidogo. Watu hudhani ni mapambo. Hewa ya chini ya bawa, iliyobanwa, hutaka kukimbilia juu kupitia ncha, na ikizunguka pale inamrudisha ndege nyuma. Ncha zikigawanyika, mzunguko ule mmoja mkubwa unavunjika kuwa midogo mingi na hasara inapungua. Ndege wa baharini hutatua tatizo hilo kwa bawa refu na jembamba. Wa nchi kavu, ambaye lazima ainuke kutoka mahali pembamba, ana bawa fupi zaidi, pana, lenye vidole.

Kichwa na miguu

Hapa ndipo watu humharibu. Wanampa uso wa tai mwenye hasira na makucha ya kubeba mtu. Mdomo wa Teratornis ulikuwa mrefu na mwembamba, wenye ndoana mwishoni. Mchonge kwa mti mwepesi, kichwa chote sentimita 22 hivi. Campbell na Tonni, wakisoma fuvu na taya zake, walisema mwaka 1981 kwamba teratoni, yaani Teratornis na ukoo wake, walikuwa wawindaji waliomeza mawindo madogo mazimamazima. Wengine wanaona kwamba mzoga pia ulikuwa mezani kwake, na idadi yake kwenye lami inawapa sababu. Mimi nawaeleza wanafunzi hoja zote mbili na kuwaacha wabishane.

Miguu haina ubishi. Ni ya kutembea. Vidole havikuwa na nguvu ya kukamata na kubeba, kama vile vya kondori wa leo. Kila mwaka kuna mmoja anayeuliza, "Mwalimu, alikuwa anabeba mbuzi?" Namjibu, "Hapana mwanangu, angalia mguu wake." Mtengenezee kucha butu, na mguu imara uliosimama wima, kisha mfunge juu ya kisiki.

Swali jingine litakalokuja ni kama huyu ni tumbusi wetu. Si tumbusi wetu. Tumbusi wa Afrika ni wa familia moja na tai na mwewe. Kondori wa Amerika ni familia nyingine, na teratoni wako upande wa kondori. Wamefanana kwa sababu ya kazi: mabawa mapana ya kuelea na kutafuta nyama iliyolala mbali. Kichwa kitupu pia kimewajia wote wawili kila mmoja kwa njia yake. Kama Teratornis naye alikuwa na kichwa kitupu, fuvu peke yake halitwambii.

Rangi vilevile haimo kwenye mfupa. Sisi tunampaka nyeusi iliyochanganywa na kahawia kidogo, kwa kuwa kondori wote wawili walio hai ni weusi, na kwenye kibao tunaandika: "Rangi imechaguliwa na darasa." Sugua karatasi ya msasa juu ya plastiki kwanza, la sivyo rangi itabanduka.

Siku ya upepo

Chagua saa za mchana, upepo wa ziwani unapopanda kuelekea milimani. Toa mabawa kwenye kisiki, watu wazima wawili wayashike kwa mwanzi wa mabega, wa tatu ashike kamba iliyofungwa katikati. Mtoto asishike peke yake: eneo hilo ni karibu mita za mraba 1.8 na upepo mzuri unalivuta kwa nguvu ya kumyumbisha. Geukeni upepo ulikotoka, inueni ukingo wa mbele taratibu. Mtasikia mwanzi unakaza, manyoya yananyamaza, na uzito wote mliokuwa mmeubeba unaondoka mikononi. Mwite kila mwanafunzi aje aweke viganja chini ya mwanzi ausikie mwenyewe.

Baada ya hapo waelekeze waangalie juu ya Kadutu, mtaa wetu wenye nyumba nyingi za mabati. Jua likishapasha mabati, hewa ya moto inapanda, na mwewe wanaizunguka bila kupiga bawa. Ndege wa uzito wa Teratornis aliishi kwa hewa hiyo. Mwaka 2020 watafiti walichapisha habari za kondori wa Andes waliofungwa vipimo: walipiga mabawa asilimia 1 tu ya muda wa kuruka, na mmoja alikwenda zaidi ya saa 5 na kilomita 172 hivi bila kupiga hata mara moja. Mapigo yao mengi yalikuwa ya kuinuka kutoka ardhini.

Sasa chora Argentavis wa mita 6 kwa chokaa kando ya mabawa yenu, na uulize: huyu wa kilo 70 aliinukaje? Utafiti wa mwaka 2007 ulipiga hesabu ya misuli yake ukaona isingetosha kumwinua kutoka mahali tambarare penye utulivu. Alihitaji kukimbia kushuka mteremko au kuupokea upepo wa mbele. Mteremko tunao. Wanafunzi watakimbia bila kuambiwa.

Kibao na kumtunza

Kwenye kibao andika jina, mahali, mwaka 1909, mabawa mita 3.6 kwa mfano huu, na rangi ni ya kuchagua. Halafu ongeza mistari miwili juu ya mwisho wake, kwa sababu huko ndiko moyo wangu uliko. Tembo wa manyoya, farasi na wanyama wengine wakubwa wa Amerika ya Kaskazini walipokwisha, nyama ilikwisha, na Teratornis akaenda nao. Kondori wa California alibaki, akila pia nyangumi na sili waliotupwa pwani. Karne ya ishirini nusura imalize na huyo: mwaka 1982 walibaki 22 duniani, na mwaka 1987 wa mwisho wa porini alikamatwa ili azalishwe kwenye hifadhi. Leo wamepita 500, na wengi wao wanaruka porini tena. Mtoto asiyesoma kibao kizima asome angalau hapo.

Akimaliza kazi, mtundike ndani, chini ya boriti za darasa, mabawa yamefunguliwa kwenye bega na kulazwa sambamba. Mwanzi hutobolewa na wadudu; ukiona unga wa njano sakafuni, toa fito hizo, zipitishe juu ya moshi siku nzima, paka mafuta ya injini yaliyotumika, rudisha. Kamba za mpira hukauka na kupasuka: zibadilishe kila kiangazi, Juni ikiingia, ukianza na za mabega. Bidoni haziozi, lakini waya unaozishika hushika kutu kwenye matundu, kwa hiyo vuta kila unyoya kwa mkono kabla ya kumtoa tena nje kwenye upepo.